Vigelegele kwa Ajili ya Kijiko

Mimi nilizaliwa katika nyumba ya watu wa kulalamika. Mama yangu aliuza samaki wa kukaushwa sokoni Kindu, mashariki mwa Kongo, na maisha yake yote sikumsikia akikubali kwamba siku ilikwenda vizuri. Mteja akimwuliza habari za biashara alijibu, "Tuko tu," hata kama kapu lilikuwa limebaki na magamba peke yake kabla ya adhuhuri. Alituambia kwamba anayesema amepata anawaita waliokosa. Sisi watoto tulijifunza mapema. Ukishiba, unasema njaa imepungua kidogo. Ukipona homa, unasema kichwa bado.

Kisha nikaolewa na mwanamume wa kushukuru.

Alifanya kazi kwenye reli. Kazi yake ilikuwa kupanga mabehewa pale stesheni, lipi litangulie na lipi lifuate. Nilipomkubali niliona shati lililopigwa pasi na kofia iliyokaa sawa. Kuhusu tabia ile hakuna aliyenionya. Mvua ikinyesha alishukuru kwa ajili ya muhogo, isiponyesha alishukuru kwa ajili ya nguo zangu zilizokuwa kwenye kamba. Mama yangu alipokuja kukaa kwetu mwezi mzima alishukuru hata hilo, na mama akanivuta pembeni akaniambia, "Huyu bwana yako iko na ugonjwa."

Vita vilipofika, ugonjwa ukazidi.

Kulikuwa na kipindi ambapo mji wetu ulifungwa. Askari walikuwa ndani, wapiganaji wengine walikuwa msituni pande zote, na sisi raia tulikuwa pale tulipokuwa. Barabara ya Kibombo, ambako mpunga ulikuwa ukitoka, haikupitika. Ya kwenda Lubutu vilevile. Mtu aliyekwenda shambani asubuhi hakujua jioni atahojiwa na nani kwamba alikuwa upande wa nani. Treni iliacha kuja. Kilichoingia mjini kiliingia kwa ndege, na kilichoingia kwa ndege kilikuwa na wenyewe. Tulikula sombe, yaani majani ya muhogo, bila chumvi, tukafua kwa sabuni tuliyoipika wenyewe kwa mawese na majivu, sabuni nyeusi iliyoacha nguo zikinuka kuliko zilivyokuwa kabla ya kufuliwa.

Mume wangu aliendelea kwenda kazini. Kila asubuhi alivaa kofia akaenda stesheni, akakaa karibu na mabehewa ambayo ndani yake majani yalikuwa yameota, na saa za kazi zilipokwisha akarudi nyumbani. Siku moja nikamwuliza kazi ilikuwaje.

"Vizuri," akasema. "Leo hakuna hata treni moja iliyochelewa."

Nilimtazama usoni nikitafuta kicheko. Hakikuwepo.

Ndipo akaanzisha sherehe yake. Jioni, kabla ya saa ya watu kujifungia, alituketisha uani: mimi, mama yangu ambaye sasa alikuwa amehamia kwetu kabisa, na watoto wetu wawili. Kila mtu alipaswa kutaja jambo moja lililokwenda vizuri siku hiyo, hata likiwa dogo kama punje, na wengine wampigie makofi. Binti yetu mkubwa alilipenda jambo hilo mno. Hakuridhika na moja. "Leo sikuanguka kwenye utelezi." Makofi. "Leo mbuzi ya jirani iliniangalia." Makofi. Mdogo wake kila siku alisema amepata choo kizuri, na kwa jinsi kuhara kulivyokuwa kumeenea mjini, nadhani habari yake ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote.

Zamu ya mama yangu ilipofika alisema, "Mimi sijakufa." Akapigiwa makofi. Kesho yake akasema, "Bado." Akapigiwa tena.

Mimi nilikuwa nikisema, "Nimepika," nikitumaini kwamba mtu atauliza nimepika nini, aone aibu. Hakuna aliyeuliza. Walipiga makofi tu.

Basi siku moja mume wangu alirudi na chumvi. Mwenzake wa kazini alikuwa na ndugu aliyepakua mizigo uwanja wa ndege, gunia lilipasuka, chumvi ikazolewa pamoja na mchanga, na sehemu yake ikafika kwetu katika kona ya leso. Tuliiyeyusha, tukaichuja kwa kitambaa, tukaitia kwenye sombe. Sombe ile ilikuwa tamu, na mimi si mtu wa kusema hivyo ovyo. Jioni makofi yalikuwa makubwa, na mama yangu, yule mama wa "tuko tu," alijisahau akapiga kigelegele.

Kigelegele kilivuka ukuta. Askari wawili waliokuwa wakipita waliingia bila hodi. Mkubwa wao, kijana mwembamba aliyevaa buti mbili zisizofanana, akauliza, "Munafurahia nini hapa?"

Siku zile swali hilo lilikuwa baya. Ilisemekana watu wa msituni walikuwa wamekaribia, na raia anayefurahi alionekana kama raia anayemngojea mgeni.

"Tunafurahia chumvi, chef," mume wangu akasema, akimwita mkuu.

"Chumvi gani?"

"Ya kwenye sombe."

Askari akaagiza sufuria iletwe. Akachovya kidole, akaonja, akafumba macho. Mwenzake naye akaonja. Mimi nilikuwa nimemshika mtoto mdogo kwa nguvu, lakini binti yetu mkubwa alikuwa ameshasogea mbele na kumweleza askari jinsi mchezo unavyochezwa. Yule kijana akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mguu.

"Mimi," akasema, "kidonda yangu ya muguu imekauka."

Tukapiga makofi. Mwenzake akasema yeye alimwota mama yake. Tukapiga makofi. Mama yangu akasema bado hajafa, nao wakampigia makofi, bunduki zikiwa mapajani.

Walipoondoka waliondoka na sufuria ya sombe, na chumvi yote iliyobaki.

Mume wangu alifunga mlango, akakaa, akapumua. "Tushukuru," akasema. "Wamechukua chumvi tu."

Siku kadhaa sikusema naye. Mama yangu alikuwa na maoni kwamba apelekwe kwa mtu anayejua magonjwa ya kichwa, ila mtu huyo mwenyewe alikuwa amekimbia mji.

Tangu hapo ikaamuliwa makofi yapigwe bila sauti. Jioni tuliketi uani tukitikisa mikono hewani kama watu waliokosa taulo. Jirani yetu, mama Mwislamu aliyefiwa na mumewe mwanzoni mwa vita, alichungulia juu ya ukuta akaona familia nzima ikipunga mikono kimya, akauliza kama tumeingia dini mpya. Mume wangu akamweleza. Kesho yake jioni alikuja na kigoda chake. Alisema yeye hana la kushukuru, amechoka tu kukaa peke yake, na mume wangu akasema hilo linatosha. Tukamtikisia mikono.

Vita viliisha kwa namna yake, yaani hakuna aliyekuja kutuambia. Asubuhi moja mpunga wa Kibombo ulionekana sokoni, na watu wakausogelea polepole kama wanaoogopa utaruka. Miaka ikapita. Mama yangu alifariki kitandani mwake, akiulalamikia mto. Watoto wakakua wakaondoka. Treni ikaanza kuja mara mojamoja, ikichelewa sana, na mume wangu akawa mtu pekee katika reli nzima aliyeshukuru kuchelewa kwake. Alisema kisichokuja hakichelewi.

Alikuwa ameshastaafu presha ilipomwangusha. Alikuwa anakunywa chai, kikombe kikamponyoka, na nilipogeuka kumgombeza nikaona mdomo wake umekwenda upande. Tulimkimbiza hospitali kwa pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemfunga kwa kitenge ili asidondoke. Alipona kwa maana ya kwamba hakufa. Mkono na mguu wa kuume vililala, ulimi ukawa mzito.

Alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Asubuhi ya kwanza nilifungua dirisha, na kwa kuwa sikujua la kusema nikamwambia jua limetoka.

"Lifanye nini?" akasema.

Nilikaa na neno hilo kutwa nzima, kwa sababu lilikuwa neno langu. Lilikuwa neno la mama yangu kabisa. Sikujua kwamba ningeogopa vile. Tangu mama afariki nyumba yetu ilikuwa na mlalamikaji mmoja, na nilikuwa nimeizoea kazi hiyo na kuiona ni yangu. Sasa tulikuwa wawili, na hakukuwa na wa kutujibu.

Hospitali walitutumia binti kutoka Bukavu, mtaalamu wa kunyoosha viungo, ambaye kwetu anaitwa kine. Alikuwa binti mchangamfu, mwenye mikono ya nguvu. Alimkunja mume wangu na kumkunjua kama shuka, kisha akanigeukia.

"Mama, kila kitu anafanya, hata kidogo, umusifu. Ubongo njo inapenda vile."

"Nimusifu namna gani?"

"Umuambie bravo."

Sikuwahi kumwambia mwanamume yeyote bravo. Lakini siku kidole gumba kiliposogea, nilijitahidi. "Kidole kimesogea," nikasema. "Kimechelewa, lakini kimesogea."

Kine akavuta pumzi. "Bila ile ya kuchelewa, Mama."

Binti yetu naye akaanza kupiga simu kutoka Goma kila jioni. Siku hizi anafanya kazi katika ofisi inayowafundisha watu kuishi vizuri na mioyo yao. Wanakusanya watu katika ukumbi, wanawapa kalamu na biskuti, wanawaambia wachore jua kwenye karatasi kubwa. Siwadharau. Walipofika Kindu mimi mwenyewe nilichora jua. Kijana aliyetufundisha, ambaye kwa umri wake alikuwa mgongoni mwa mama yake wakati sisi tunakula sombe bila chumvi, alituomba sisi wanawake tuliopita vitani tuandike mambo matatu ya kushukuru. Aliyeketi karibu nami akaniuliza kwa sauti ya chini kama inaruhusiwa kuandika biskuti.

"Mama," binti yangu akaniambia kwenye simu, "lazima mushangilie ushindi mudogomudogo. Hata kama ni kidole."

"Nani alikufundisha ile?"

"Iko kwenye module ya mafunzo, Mama. Ilitoka Ulaya."

Mtoto huyu aliwahi kupigiwa makofi kwa kuangaliwa na mbuzi. Nilimtazama baba yake kitandani nione kama amesikia. Alikuwa amesikia, akageukia ukutani.

Halafu ikaja siku ya kijiko. Kine alimwekea kijiko cha uji katika mkono wa kuume, na mume wangu, akitetemeka, jasho likimtoka, akakipandisha mpaka nusu ya njia. Uji ukamwagika kifuani. Kine akapiga makofi. Jirani yetu, yule mama mjane ambaye sasa ni mzee mwenye sauti kuliko alipokuwa kijana, alisikia, akaja mbio, akaelezwa, akapiga kigelegele. Na kwa kuwa siku hizi kigelegele hakimletei mtu askari, kilileta mtaa mzima.

Alasiri kwaya ya kanisa letu ilifika na ngoma. Mama jirani naye alikuwa ameshawaita wanawake wenzake wa msikitini, wakaja na matari, na pande zote mbili zikapokezana kumshukuru Mungu kwa kijiko, kila upande ukihakikisha hauzidiwi. Mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini mwenye duka pale kona alileta soda, akaomba neno, akasema kijiko hiki ni somo kwa vijana. Chef wa mtaa alisema zaidi. Alisema kijiko kimeonyesha kwamba mtaa wetu unasonga mbele, akataja na tope la barabarani ambalo litashughulikiwa kwa moyo uleule. Wageni hawaachwi na njaa, kwa hiyo nilipika mchele wote uliokuwa ndani na kuku niliyekuwa nimemtunza kwa ajili ya Pasaka.

Mume wangu alikaa katikati kwenye kiti, amevalishwa shati safi, kijiko mkononi. Kila aliyechelewa alitaka kuona. "Papa, rudilia kidogo," walimwambia, simu zikiwa juu kumpiga picha, naye akarudia, na akarudia tena, mpaka mkono ukatikisika wenyewe.

Walipoondoka uani palibaki mifupa na chupa. Mume wangu alitazama mifupa ile.

"Kijiko yangu imelisha mutaa muzima," akasema polepole, kwa ulimi wake mzito. "Mimi sijakula."

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyekumbuka kumpa.

Baada ya siku hiyo maendeleo yakasimama. Gumba lililokuwa likisogea likaacha kusogea. Kijiko akipewa, kilianguka. Kine alishangaa, akasikitika, akaniambia labda mzee amekata tamaa, niongeze sifa. Nikaongeza. Nilimsifu alipopiga chafya. Nilimsifu alipofumba macho, na alipoyafumbua nikamsifu tena, mpaka akaniuliza kama na mimi presha imenipanda.

Alasiri moja nilitoka kwenda kununua mawese. Nilifika njia panda nikakumbuka kwamba nimesahau kopo, nikarudi kwa kupitia mlango wa jikoni, ulio karibu. Nikamwona. Alikuwa amesimama uani peke yake. Mkono wa kushoto umeegemea ukuta, mguu wa kuume unaburuzwa, anatoka kwenye kiti anakwenda kwenye mpapai. Alipofika mpapai akapumzika, akaangalia huku na huku kama mwizi wa mapapai, kisha kwa mkono wa kuume, ule uliolala, akajiwekea kola ya shati sawa. Akageuka, akarudi.

Nilikuwa nyuma ya mlango. Kigelegele kilinijia kooni, mimi ambaye sikupiga hata kwenye harusi ya binti yangu kwa sababu wakwe walikuwa wamechelewa. Kilikuwa kimeshafika kwenye ulimi. Nikaziba mdomo kwa mkono, nikakimeza. Kilishuka kwa shida kama muhogo mkavu, machozi yakanitoka.

Nilielewa. Mtu huyu alikuwa anapona kwa siri ili tusimwue kwa pongezi.

Nikatoka tena nilikotokea, nikazunguka nyumba ya jirani, nikaja kwa mlango wa mbele nikikohoa na kuwatukana wenye pikipiki kwa sauti, wote, na wazazi wao, ili apate muda wa kukaa. Nilipoingia alikuwa kwenye kiti, mkono unaning'inia, uso umekufa kabisa. Aliigiza vizuri. Ila alikuwa anahema.

"Umerudi mbio," akasema.

"Nimesahau kopo."

"Siku hizi unasahau sana."

"Ndiyo," nikasema, na nikatoka bila kubishana, jambo ambalo lingepaswa kumtia wasiwasi.

Tangu siku ile nilijitafutia sababu ya kutoka kila alasiri. Nilitembelea watu nisiowapenda. Nilivuka mto mpaka Alunguli kumpa pole mtu ambaye msiba wake ulikuwa wa zamani, akashukuru akishangaa. Na kila niliporudi nilianza kulalamika tangu barabarani: tope, jua, viatu, serikali, mbwa. Majirani walisema mama fulani amezidi siku hizi, ugonjwa wa mumewe umemharibu. Katika maisha yangu yote kulalamika hakujawahi kunifanyia kazi nzuri kama wakati ule.

Kisha nikarudi siku moja, nimelalamika vya kutosha, nikamkuta amesimama kwenye mpapai. Hakukimbilia kiti. Alinitazama nami nikamtazama.

"Uliniona tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku ya kopo."

"Na haukusema?"

"Niseme nini? Unatembea vibaya."

Akacheka. Mdomo ulikwenda upande mmoja na sauti ilitoka kama bawaba ya mlango, lakini alicheka mpaka akashika mpapai asianguke. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kikombe kile kilipomponyoka. Alipomaliza akafuta macho kwa mkono wa kuume, polepole, bila haraka, ili nione.

"Asante, Mama," akasema.

Kine alipokuja alimkuta anatembea, akalia kidogo, tukampa chai. Tulimwomba asimwambie mtu, akakubali, akamwambia mama jirani. Lakini mama jirani safari hii alikuja peke yake. Alikaa, akamtazama mume wangu akienda na kurudi, akasema, "Haya," akaondoka. Sijui nani alimfundisha. Huenda alikumbuka mwenyewe gharama ya ile kwaya.

Binti yetu ndiye hakutosheka. Alitaka baba yake atoe ushuhuda katika semina yao Goma, kwa simu, sauti ikiwa imefunguliwa ukumbini, aeleze jinsi moyo wa shukrani ulivyomponya. Nilimshikia simu. Akakohoa kidogo.

"Batoto yangu," akasema, "mimi nilipona juu ya kukimbia makofi yenu."

Huko Goma ukumbi mzima ukapiga makofi, na tukamsikia binti yetu akiwaambia kwamba huo nao ni ushindi mdogo. Mume wangu akanirudishia simu kwa ncha za vidole, kama kitu kilichooza.

Sasa ameurudia ugonjwa wake wa zamani. Wiki hii mvua kubwa ilinyesha na bati likavuja juu ya meza, akaketi akiangalia maji yanavyodondoka, akasema tushukuru linavuja upande mmoja tu. Nikamwambia badala ya kushukuru alete beseni. Akainuka. Nikausikia mguu ukiburuzwa mpaka jikoni, nikasikia vyombo vikianguka, nikajizuia kwenda. Alichukua muda mrefu mpaka meza ikalowa yote. Alirudi amelikumbatia beseni kwa mikono miwili, akaliweka chini ya tundu, akasubiri.

Nikamwambia beseni lile ni la kuoshea miguu.

"Najua," akasema, akakaa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeridhika.